Mlishi wa Watoto Wenye Mwiko

Katika miaka yote niliyomjua sikupata kumwona ameketi, ila siku moja, na hiyo nitaieleza itakapofika. Alipika akiwa amechutama au ameinama, alikula akitembea, na hata alipozungumza na mtu mzima wa kuheshimiwa alikuwa akienda na kurudi kati ya mafiga yake, upawa mkononi, akiitikia salamu huku amekupa mgongo. Wageni walidhani ana dharau. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba sufuria tatu haziangaliwi na mtu aliyekaa kitako.

Watu wa kutoka Msambweni hadi Gazi walimwita Mlishi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulisha watoto. Si watoto wote. Aliwalisha wale waliokwisha kuachishwa ziwa na ambao hawajafika miaka minne au mitano, na hasa wale waliowekewa mwiko na mganga. Siku zile, katikati ya miaka ya hamsini, mtoto akidhoofu baada ya kuachishwa ziwa, nywele zikapauka na miguu ikavimba, wazee walisema amebemendwa, yaani wazazi wamemharibia maziwa kwa kukaribiana mapema. Aliyepelekwa kwa mganga alirudi na hirizi na masharti: asile samaki, asile nyama, asile yai, wala asionjeshwe mchuzi wa kitu chenye damu, mpaka mganga mwenyewe auondoe mwiko. Ilikuwa miezi mitatu, wakati mwingine sita. Katika nyumba za pwani, ukiondoa samaki, mama wengi hubaki na muhogo na chumvi. Hapo ndipo Mlishi alipohitajika.

Ua wake ulikuwa kando ya njia ya kwenda Gazi. Palikuwa na kibanda cha makuti kisicho na kuta, mafiga mahali patatu, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na jamvi refu walipokaa watoto. Kina mama waliwaacha asubuhi walipokwenda shamba, pamoja na nazi moja au mzigo mdogo wa kuni, wakawafuata baada ya adhuhuri. Hakuwaruhusu mama wakae kutazama. Alisema mtoto anayemwona mama yake hali chakula, anakula uso wa mama.

Alikuwa na hasira za karibu. Niliwahi kumwona akimfukuza mama aliyekuja akimbembeleza mwanawe kwa wimbo huku akimtia uji mdomoni kwa nguvu. Alimnyang'anya kikombe, akaumwaga uji kwenye majivu, akamwambia aende akaimbe ngomani. Lakini mtoto yule yule alipomtemea uji kwenye leso, aliifuta, akageuza uso, akaenda kuchochea moto. Kwa watoto alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, na kwa watu wazima hakuwa nayo hata kidogo.

Alinusa ugoro. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako waliolitumia kumsema vibaya. Kila baada ya kunusa alinawa mikono kwa maji na majivu hadi viwikoni, na kwa kuwa alinusa mara nyingi, alinawa mara nyingi, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyetoka mtoni. Mama aliyeleta mtoto mwenye kucha chafu alirudishwa nyumbani. Mama aliyeleta uongo alirudishwa pia. Ukimwambia mtoto amekula jana na hakula, atajua, na atakuuliza mbele ya watu ni nini hasa alichokula na saa ngapi. Yeye mwenyewe aliwadanganya watoto asubuhi hadi mchana.

Uongo wake mkubwa ulikuwa huu. Mtoto aliyekataa kula alipewa bakuli ashike, akaambiwa kwamba hicho si chakula chake, ni cha mwenzake fulani ambaye yuaja sasa hivi, na kazi yake ni kukilinda tu, asikiguse. Kisha Mlishi alimpa mgongo, akaenda kwenye figa la mbali. Aliporudi, bakuli lilikuwa tupu na mlinzi ana tui kidevuni. Alijifanya kukasirika, akauliza ni paka gani huyu, na watoto wote wakaangua kicheko. Nimeona hila hiyo ikiwashinda watoto wakaidi kweli kweli. Iligonga mwamba kwa mmoja tu, naye alikuwa binti yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo nilishona kwenye baraza ya duka moja pale Msambweni. Nilisoma chuo cha Kurani, kisha madarasa matatu ya skuli, na mengine nikajifundisha kwa magazeti yaliyokuwa yakifungiwa bidhaa na kwa kitabu kimoja cha afya nilichoachiwa na mteja aliyehama. Nilikuwa na tabia ya kuandika mambo, nami niliiona tabia hiyo kuwa ndiyo elimu. Mwanangu wa kwanza, Mejumaa, alikuwa hajatimiza miaka miwili mama yake aliposhika mimba ya pili. Ziwa likakatwa. Baada ya miezi miwili mtoto alikuwa amenyamaza. Watoto wadogo hulia. Huyu alikaa mahali alipowekwa akatazama mbele. Miguu ilivimba, mikono ikakonda. Dawa ya chupa tulipata, tukampa. Mama mkwe wangu akampeleka kwa mganga, wakarudi na mwiko. Sikuwa na imani nao, lakini sikuwa na jingine la kutoa badala yake, na kwa haya ya kuambiwa kwamba nimembemenda mwanangu sikuweza kubishana na wanawake.

Nilimpima mkono kwa futi yangu ya kushonea. Juu ya kiwiko ulikuwa inchi nne na robo. Nikaandika kwenye daftari langu.

Kila siku, kabla ya adhuhuri, nilifunika cherehani nikaenda kwa miguu hadi ule ua, karibu nusu saa, kuona kama amekula. Mlishi hakuwataka wazazi, lakini baba hakuwa amemkataza, maana hakuna baba mwingine aliyewahi kwenda. Nilisimama nyuma ya ukuti ulioning'inia pembeni mwa kibanda. Nilimwona Mejumaa amepewa bakuli la mwenzake alinde. Mlishi akampa mgongo. Mejumaa akalishika bakuli kwa mikono miwili, akalilinda. Inzi walipokuja aliwafukuza. Mtoto mwingine aliponyosha mkono aliupiga. Chakula kilipoa, tui likaganda juu, naye bado analinda. Mlishi alirudi, akatazama ndani ya bakuli, akamtazama yeye, kisha akaja hadi niliposimama.

"Fundi," akaniambia, "huyu umemfundisha uaminifu mapema mno."

Sikucheka, wala yeye.

Kuanzia siku hiyo alianza kumhangaikia. Nasema kuhangaika kwa maana yake kamili: alibadilisha chakula kila siku, akatembea zaidi, akanusa zaidi, akanawa zaidi. Alijua vyakula vingi visivyo na damu, na kila kimoja alikuwa amekikatia umbo la mtoto. Muhogo na mbaazi aliviponda pamoja akapata kimanga, akakifinyanga vidonge, akakibonyeza kila kimoja kwa kidole gumba ili mtoto apate kijishimo cha kutilia tui mwenyewe. Kunde alizisaga mbichi akakaanga bajia ndogo kama kifungo cha koti. Boga alilipika kwa nazi na iliki. Mchicha aliunyonyoa nyuzi zote za shina, akautwanga, akauchanganya kwenye wali, akawaambia ni wali wa kasuku. Ufuta aliukaanga akausaga, akaunyunyiza juu ya karibu kila kitu, na njugu akazitia kwenye uji wa mtama. Mboga chungu, ambazo watu wazima wa kwetu huzipenda, hakuwapa kamwe. Alisema uchungu ni wa watu wenye ndevu.

Tonge lake lilikuwa dogo kuliko la mtu yeyote. Alishikilia kwamba mtoto huogopa wingi. Ukimwekea sahani ya kujaa, unamwambia kwamba hataimaliza. Watoto wake waliomba waongezwe, na kule kuomba ndiko alikokutaka.

Mejumaa hakuomba. Alionja kimanga akakitema. Uji aliuacha utiririke kidevuni. Boga la nazi, ambalo watoto wengine waligombania, alilishika mkononi mpaka likapondeka. Siku kumi na moja niliandika neno lile lile, hakula, na futi ilisema inchi nne.

Siku ya kumi na mbili mtoto mmoja aliumwa na siafu, akapiga kelele za kuita mtaa mzima. Mlishi akamkimbilia, akabaki huko akiwatoa mmoja mmoja, na mseto ukasahauliwa motoni. Ulikuwa mseto wa mchele na pojo, zile choroko za kijani, wa tui zito. Aliporudi ulikuwa umeshika chini. Alichota uliosalimika, akaitoa sufuria haraka akaiweka nyuma ya kinu ili iloweshwe, huku akitazama pembeni kama mtu aliyeangusha kitu msikitini. Alijivuna kwamba chakula hakijapata kuungua mikononi mwake. Mke wangu alikuwa amekuja mapema siku hiyo, tumbo likiwa zito, nasi tulikuwa tumesimama pamoja nyuma ya ukuti. Ndipo tuliposikia sauti ya kukwaruza.

Mejumaa alikuwa amejiburura hadi kwenye sufuria. Alikuwa amelaza shavu kwenye ukingo wake na mkono umezama ndani, anabandua ukoko kwa kucha.

Mke wangu akamwambia atoke, akamtisha kwa neno ambalo kila mama wa pwani hulisema, kwamba mwari anayekula ukoko siku ya harusi yake itanyesha mvua. Akapiga hatua kwenda kumtoa. Mlishi akamzuia kwa upawa, akauweka mbele ya kifua chake kama kizuizi cha barabarani.

"Mwache, mama."

"Ataumwa tumbo, Mlishi."

"Mwache. Na inyeshe."

Tukasikiliza. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, wa meno machache yakivunja kitu kigumu. Sote watatu tulisimama tukisikiliza mtoto anatafuna, na mke wangu alikuwa akilia bila sauti. Mlishi ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema tumempa laini kwa kuwa ni mgonjwa, sote, yeye mwenyewe wa kwanza. Uji, kimanga, boga, kila kitu kilichopondwa, kana kwamba hana meno. Mtoto alikuwa anataka kitu cha kupigana nacho.

Basi akaanza kuunguza. Mwanamke aliyejivunia sufuria zake aliteketeza mseto kwa makusudi, kila siku, na alikuwa na ustadi katika hilo kama katika mengine: moto mdogo, tui likauke, pojo zishike, ukoko uwe wa rangi ya kahawia na si mweusi. Akautandika ufuta chini ya sufuria kabla ya kutia mchele, ukoko ukatoka na ufuta wake. Harufu ilifika njiani. Wanawake waliopita na mizigo ya kuni walimkebehi, wakamwuliza kama siku hizi anapika akiwa amelala. Alijibu bila kuinua kichwa, "Nimelala, na mtoto amekula."

Uvimbe wa miguu ulishuka kwanza. Kisha Mejumaa akalia, kilio kizima cha hasira, na mama mkwe wangu akapiga vigelegele kwa kukisikia. Baada ya ukoko akakubali bajia, baada ya bajia muhogo wa kuchoma, na mwishoni hata kimanga. Futi ilisema inchi nne na nusu, inchi tano, inchi tano na robo. Mganga akauondoa mwiko, akapewa haki yake. Mlishi hakutaka zaidi ya nazi zake za kila siku.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya niianze habari hii mara nne na kuiacha mara tatu.

Mlishi alikula samaki. Alipenda ng'onda, samaki wa kukaushwa, na kila alasiri, watoto wakiisha kuondoka, alichoma kipande nyuma ya nyumba, upande wa shamba la mihogo, akakila akizunguka. Nilijua kwa sababu siku moja nilirudi kuchukua kofia yangu. Aliniambia, bila kuona haya, kwamba hapiki wala hali samaki mbele ya watoto wenye mwiko kwa kuwa harufu yake ingewatamanisha, na hilo lingekuwa ni kuwatesa. Ilikuwa ni adabu tu. Lakini watu waliona ua usio na hata gamba moja la samaki, katika nchi ambayo kila ua una paka na magamba, wakasema Mlishi hagusi samaki, samaki ni adui wa watoto wake. Yeye aliyasikia maneno hayo, akayaacha, maana hakuwa na nafasi ya kujibu kila mpita njia.

Mimi nilijua ukweli, na bado nikakosea kuliko wao.

Binamu yangu Salimu, mkata boriti wa Gazi, alikuja dukani kunishonesha kanzu. Alimwona Mejumaa anakimbia barazani, akakumbuka alivyomwona mara ya mwisho, akaniuliza ni dawa gani. Ningeweza kumwambia nenda kamwulize Mlishi. Badala yake nilitoa daftari. Nilimwonyesha vipimo, nikamweleza kwa utaratibu, kidole kikifuata mistari, kwamba kabla ya mwiko mtoto alikula samaki akadhoofu, baada ya mwiko hakula samaki akanenepa, na kwamba mtu akiyapima mambo kwa makini huiona sababu. Nilisema kitoweo chenye damu ni kizito kwa tumbo la mtoto aliyetoka kwenye ziwa. Nilisema kama niliyesoma. Salimu ana mtoto wa kiume, Hamisi, ambaye wakati huo alikuwa ameachishwa ziwa karibuni, mzima kabisa. Alinishukuru kwa elimu. Akaenda nayo Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi. Samaki ndicho kitu pekee ambacho mtoto wa pale hakosi. Watu wakauchukua mwiko bila mganga na bila maradhi, wakauweka juu ya watoto wazima ili wasije wakaugua. Walichukua makatazo, na sufuria hawakuichukua, kwa sababu mimi sikuwapa sufuria. Hawakutia pojo wala ufuta wala njugu wala majani yaliyonyonyolewa nyuzi. Watoto wakabaki na muhogo.

Nilipata habari siku Salimu alipomleta Hamisi kwa Mlishi, amembeba mgongoni kwa leso ya mkewe. Nilikuwa pale na mke wangu, tumempelekea Mlishi nguo niliyomshonea kwa shukrani. Mtoto alikuwa na miguu iliyovimba na macho yale yale niliyoyajua. Mlishi aliuliza ni mganga gani aliyemwekea mwiko.

"Si mganga," Salimu akasema. "Ni mwiko wako wewe, Mlishi. Kwetu tumeushika sote."

Alisimama. Tangu siku ya ukoko sikuwa nimemwona ameacha kutembea. Akauliza sote ni kina nani, na Salimu akataja nyumba saba au nane. Akauliza tangu lini. Akauliza wanawalisha nini, naye akajibu. Nilingoja Salimu anitazame na kulitaja jina langu. Hakulitaja. Sijui kama ni kwa undugu au kwa kuwa neno lilikuwa limepita midomo mingi hata likasahau lilikotoka. Nami sikulitaja.

Mlishi aliwaacha watoto kwa mke wangu, akatwaa kibuyu cha ufuta na furushi la pojo, tukaenda Gazi, yeye mbele, Salimu na mwanawe, na mimi nyuma. Alitembea kwa kasi ambayo mimi, kijana, niliiona taabu. Tulipofika, aliomba wanawake wenye watoto wadogo waitwe kwenye ua wa Salimu. Walikuja wengi. Akaomba samaki. Wakatazamana. Mmoja akaleta changu wa kuchoma kwenye kifuu. Na hapo, mbele yao wote, Mlishi aliketi chini. Aliketi kitako, akanyosha miguu kama mtu mwenye siku nzima, akaanza kumla yule samaki kwa mkono, polepole, akitoa miiba na kuipanga juu ya kifuu. Kila tonge la pili alimpa Hamisi aliyekuwa mapajani pake.

Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe Mlishi anakula samaki."

"Nakula tangu nilipoota meno."

"Mbona kwako hatujaona hata mwiba?"

Akawaeleza: watoto wenye mwiko, harufu, adabu. Akasema mwiko ni wa mganga na mgonjwa wake, na yeye hajapata kumwekea mtoto mwiko katika maisha yake. Kilichowanenepesha watoto ni alivyotia, wala si alivyotoa. Kisha akasema kosa ni lake, kwa kuwa alikula mafichoni, na anayekula mafichoni asishangae watu wakikosea. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, anatoa mwiba.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, futi shingoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: niliyewaambia hayo ni mimi. Nilihesabu baadaye, ni maneno manne. Nilitazama boriti zilizoanikwa.

Hamisi alipona. Alichelewa kutembea, lakini alipona, na wengine wengi pia. Mtoto mmoja wa kike wa kijiji hicho, ambaye sikupata kumwona, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla ya siku ile. Hakuna aliyeitaja sababu. Labda ilikuwa homa. Nimejaribu mara nyingi kuamini kwamba ilikuwa homa.

Na Mlishi alilipa. Habari za Gazi zilirudi Msambweni zikiwa zimegeuka: Mlishi anakula samaki waziwazi na kuwalisha watoto kwa mikono ile ile. Kina mama wenye watoto wa mwiko waliogopa kwamba mkono wake utauvunja. Wakapungua, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi, kwa visingizio vya shamba na safari. Meko yakawa mawili, kisha moja. Aliendelea kutembea kati ya moja na mahali palipokuwa na mengine. Sikumsikia akilalamika. Alisema tu kwamba kuni zinadumu zaidi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka ile. Alikuwa amehamia kwa mpwa wake, huku huku Msambweni, na alikuwa amekonda kwa namna ambayo futi isingeleta faraja. Mpwa alinilalamikia mlangoni kwamba mgonjwa hatulii, kila akilazwa anataka kushikwa apelekwe jikoni. Nilimkuta ameegemea kizingiti cha jiko, anatazama sufuria ya mpwa wake kwa jicho la kutoridhika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Mwambie huyu apunguze moto."

Nilimwambia. Kisha, kabla ujasiri haujaniishia, nikamwambia na lile jingine, lote, kuanzia kanzu ya Salimu hadi zile boriti nilizozitazama. Nilitaka anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa kwa upawa, kwa matusi, hata kwa msamaha, ingawa huo ndio niliouogopa zaidi.

Akaniuliza kama lile daftari bado ninalo. Nikasema ninalo, hili hapa. Akaniambia nimsomee siku moja, yoyote ile. Nikasoma: siku, kipimo cha mkono, hakula samaki, hakula yai, hakula nyama, amekula mseto.

"Mseto wa nini?"

"Wa pojo, Mama."

"Pojo kiasi gani kwa mchele kiasi gani? Zilizokobolewa au na maganda? Tui la kwanza au la pili? Ufuta uliingia lini?"

Nikalifunua daftari lote. Kurasa thelathini na mbili, na ndani yake hapakuwa na chakula ambacho mtu angeweza kukipika.

"Basi andika," akasema.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko, naye akasimama ameshika kizingiti. Alianza na mseto. Alisema taratibu, akasubiri kalamu, akarudia. Akafika kwenye kimanga, akafika kwenye bajia za kunde, akachoka, akapumua, akaendelea, wala hakukubali kulazwa. Nilipoandika kwamba ufuta ni konzi mbili, alinikatiza, akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akamwagiza mpwa wake amletee chombo cha ufuta. Akaufumbata mkono wake ndani, akautoa, akaumimina katika kiganja changu. Ulikaa katikati, kilima kidogo, pembeni ngozi yangu inaonekana pande zote. Kisha akaniambia nami nichote. Nikachota, nikaushika wangu karibu na ule wake, na tofauti ilikuwa karibu nusu kwa nusu.

"Hiyo yako itamkwama mtoto," akasema. "Andika ni konzi ya nani."

Nikafuta, nikaandika upya.